Osaka kwa Macho Yasiyosoma Kijapani

Mgeni asiyejua kusoma Kijapani huonywa kwamba atahangaika akifika Osaka, lakini mimi niliona kinyume chake, kwani sijapata kuona mji mwingine unaojitahidi kiasi kile kumwonyesha mpita njia kilichomo ndani kabla hajauliza. Pale Dotonbori, kando ya mfereji uliokamilika kuchimbwa mwaka 1615, kuna mkahawa wa kaa ambao juu ya mlango wake ametundikwa kaa mwekundu mkubwa ajabu, ambaye miguu na macho yake huchezeshwa kwa mota tangu mwaka 1962. Kwingine ukutani umechomoza mkono mkubwa ulioshika kipande cha sushi, na vibanda vinavyouza takoyaki, yaani vidonge vya unga vyenye nyama ya pweza ndani, vimepandisha pweza wao juu ya paa.

Jioni watu husongamana kwenye daraja la Ebisu kumtazama mkimbiaji wa Glico, bango la kampuni ya peremende lililosimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Bango la sasa, ambalo ni la sita, liliwashwa mwaka 2014. Karibu kila mtalii huinua mikono yote miwili na mguu mmoja ili apigwe picha kwa mkao wa mkimbiaji yule, jambo ambalo kwa kweli lilinichekesha kuliko bango lenyewe.

Kilichonishika zaidi kilikuwa katika vichochoro vya Doguyasuji, karibu na eneo liitwalo Namba, ambako wenye mikahawa hununua sufuria, visu, na vyakula vya bandia vya kupanga kwenye kabati la kioo mlangoni. Zamani vilitengenezwa kwa nta, na siku hizi hutengenezwa kwa plastiki. Niliinama mbele ya bakuli moja la tambi ambalo vijiti vyake vilisimama hewani vikiwa vimeinua tambi bila mkono wa mtu, huku matone ya mafuta yaking'aa juu ya mchuzi, na kitunguu cha majani kimekatwa mshazari kidogo kama afanyavyo mpishi mwenye haraka. Aliyekitengeneza alijua kwamba chakula kilichonyooka mno hakimtamanishi mtu.

Hata chini ya ardhi ni vivyo hivyo: njia ya treni ya Midosuji ni nyekundu kila mahali, na kituo cha Namba kina alama M20, hivyo msafiri anayeshika rangi na nambari hana haja ya kushika majina.

Nyuma tu ya kelele za Dotonbori kuna hekalu dogo la Hozenji, na hapo utaratibu huo wa kuonyesha kila kitu hugeuka. Sanamu ya Fudo Myoo, mungu mlinzi katika dini ya Kibuddha, iliyopo uani humwagiwa maji na waumini mmoja baada ya mwingine, na kwa miaka mingi ya kumwagiwa imefunikwa na uoto laini wa kijani unaopenda mawe yenye unyevu, hadi uso wake hautambulikani tena. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye ngome ya Osaka, ambayo mnara wake ulijengwa upya kwa zege mwaka 1931 na, kwa maoni yangu, hupendeza zaidi ukitazamwa kutoka ng'ambo ya handaki lake.

Anayependa majengo asiache kwenda mtaa wa Fukushima, ambako barabara ya juu hupenya jengo la ghorofa 16 lililokamilika mwaka 1992. Magari huingia upande mmoja na kutokea wa pili kwenye ghorofa ya 5 hadi ya 7, ilhali barabara imebebwa na nguzo zake yenyewe bila kuligusa jengo. Suluhisho hilo lilipatikana baada ya mwenye kiwanja na wenye barabara kuvutana kwa miaka kadhaa, na lifti za humo hutoka ghorofa ya 4 moja kwa moja hadi ya 8.