Mafuta Yakakoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu juma hili ni 2 Wafalme 4:1-7, habari ya yule mjane na chupa yake ya mafuta. Nimelichagua kwa sababu ya swali. Alhamisi iliyopita tulipomaliza ibada ya jumuiya, kijana wetu mmoja wa bodaboda alinifuata mlangoni. EWURA, wanaosimamia bei za mafuta nchini, walikuwa wametangaza bei mpya jana yake, Jumatano ya kwanza ya mwezi kama kawaida yao, naye alikuwa bado anapiga hesabu kichwani. "Mzee," akasema, "hivi ni kweli mafuta ya dunia nzima yanaelekea kuisha? Yakiisha tutaishije?" Nikamjibu harakaharaka kwamba Mungu atafanya njia, nikavaa kandambili zangu nikaondoka. Sijafika hata kona ya kwanza nikaona aibu. Mtu aliyewahi kuishi pasipo mafuta hakupaswa kujibu vile.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa vita vya Kagera vilipokwisha. Nchi ilikuwa imetumia akiba yake kumwondoa Idi Amin, na mwaka huohuo wa 1979 mapinduzi ya Iran yakatikisa biashara ya mafuta duniani. Bei ya pipa ikapanda zaidi ya mara mbili kabla hatujapumua. Sisi tulikuwa na mkonge, kahawa na pamba vya kuuza, na bei zake hazikuikimbilia ile ya mafuta. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mkanda ukabaki kwenye tundu lilelile.

Mijini magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwetu kijijini, huku milimani Tanga, gari lilikuwa moja tu, Land Rover ya hospitali, na baba ndiye aliyeliendesha, hivyo katazo lile tulilisikia redioni tu. Tulichokihisi sisi ni mafuta ya taa. Duka la ushirika likisikika limepata pipa, watoto tulitumwa alfajiri kuweka jiwe kwenye foleni. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe na kila mtu alilijua la mwenzake. Letu lilikuwa kipande cha tofali chenye alama ya chokaa. Saa nne duka linafunguliwa, mawe yanageuka watu, ugomvi unaanza. Chupa moja kwa kaya. Siku nyingine pipa linakauka ukiwa umebakiza watu wawili mbele yako, unarudi nyumbani na chupa tupu na tofali lako.

Mama na majirani wawili wakaweka taa ya zamu. Leo koroboi inawashwa kwetu, kesho kwa jirani wa kulia, keshokutwa kwa wa kushoto. Watoto wa nyumba tatu tulisoma mezani pamoja, tukisukumana tusipate kivuli, pua zikiwa nyeusi kwa masizi. Jedwali la mara saba nililikariri kwenye nyumba ya watu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Usiku mmoja zililetwa habari kwamba mama mmoja wa juu mlimani uchungu umemshinda. Land Rover ilikuwa na wiki ya tatu haina dizeli. Wanaume wakapanda na machela, wakambeba kwa zamu, mmoja akitangulia na chemli iliyochangiwa mafuta na nyumba nne au tano. Walifika kunakucha. Mama alipona, mtoto hakupona. Ninachokikumbuka ni baba amesimama kando ya gari lake, ufunguo mkononi, hajui auweke wapi. Hadi anakufa sikumsikia akizisifu siku zile, kwa hiyo nami sizisifu. Nikisikia mhubiri akisema kupungua kwa mafuta kutaturudisha kwenye upendo wa zamani, namfikiria yule mtoto.

Turudi kwa mjane. Mume amekufa, amemwachia deni, na mwenye kudai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza: nyumbani una nini? Kwanza anasema hana kitu, ndipo anakumbuka chupa ya mafuta. Nabii anamtuma kwa majirani akaazime vyombo, vitupu, wala visiwe vichache. Anafunga mlango, anamimina, wanawe wanamsogezea. Alipoomba chombo kingine akaambiwa vimekwisha, na hapo mafuta yakakoma.

Miaka mingi nimeusoma mstari ule kwa masikitiko, kama kwamba angeazima vyombo zaidi angetajirika. Safari hii nimeona kwamba nabii hasikitiki hata kidogo. Kukoma kwa mafuta kunamkuta ana neno la kusema: kauze, ulipe deni, kinachobaki mle wewe na wanao. Deni ndilo linatangulia.

Sasa pimeni sisi. Tangu kile kisima cha Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, chupa ya dunia inamiminwa. Leo binadamu anatumia karibu mapipa milioni 100 kwa siku moja, na pipa moja ni lita 159. Mmimino wa namna hiyo mjane hakuuota. Lakini deni? Tumekopa kwa hewa kama tunavyokopa dukani kwa Mangi, moshi juu ya moshi, na kurasa za daftari zinasomwa na mkulima ambaye mvua za vuli hazimjii tena kwa wakati wake. Yeye trekta hana. Wana wanaotakiwa kuchukuliwa si wa aliyekopa, na hapo ndipo habari yetu inakuwa mbaya kuliko ya mjane.

Mtaniuliza kuhusu wanawali kumi wa Mathayo 25, maana nao ni habari ya mafuta kuisha. Niseme ukweli, wale watano wenye busara wamenisumbua tangu shule ya Jumapili. Wenzao wanawaomba, wao wanajibu hayatatutosha sisi na ninyi, nendeni mkanunue. Mama yangu angewachapa! Nimewasikia wahubiri wakipita hapo mbio wasije wakaulizwa. Lakini nikiziweka habari hizi mbili pamoja naona tofauti moja ndogo: saa. Wanawali wanaomba usiku wa manane, bwana arusi ameshapigiwa kelele. Mjane anazunguka kwa majirani kukiwa bado kuna wakati, mdai yuko njiani, hajafika. Taa ya zamu ya mama iliwezekana kwa sababu walikubaliana kabla chupa hazijakauka. Wale wa machela walichangisha mafuta usiku, nyumba kwa nyumba, na muda ule waliopoteza wakigonga milango hakuna anayejua ulikuwa na thamani gani.

Lipo taifa zima lililopigiwa kelele usiku wa manane. Cuba iliendeshwa na mafuta ya Kisovieti kwa bei ya kindugu hadi Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991. Mafuta yakakatika karibu ghafla. Matrekta yakalala, ng'ombe wakarudishwa kwenye majembe. Baiskeli zaidi ya milioni moja zikaagizwa kutoka China. Viwanja vitupu vya Havana vikageuzwa bustani za mboga. Hayo ndiyo yanayosimuliwa na wanaopenda habari hiyo. Yasiyosimuliwa sana ni kwamba watu walikonda, na kati ya 1992 na 1993 watu kama 50,000 waliugua mishipa ya fahamu, wengi macho yakififia, na lishe duni ilikuwa sehemu ya sababu. Je, jamii ile ilipona? Ilipona. Kijana wangu wa bodaboda anastahili kuambiwa hivyo, pamoja na gharama yake.

Ila asiniulize mwaka. Mtaalamu wa miamba, M. King Hubbert, alitabiri mwaka 1956 kwamba uchimbaji wa Marekani utafika kileleni karibu 1970 kisha uanze kushuka. Ikawa kama alivyosema, akaheshimiwa kama nabii. Baadaye wenzake wakajifunza kupasua miamba kwa maji na mchanga, na ilipofika 2018 Marekani ilikuwa imekivuka kile kilele. Siku wala saa hatujui, na kwa mambo ya mafuta andiko hilo limetimia mara nyingi.

Nionavyo mimi, kwa watu wa kipato chetu pipa halihitaji kukauka. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Mafuta yalikuwapo vituoni, yamejaa. Aliyekwishiwa ni mwenye bodaboda. Kwa maskini mafuta hukoma mapema, kimyakimya, na hakuna redio inayotangaza.

Na huku kwetu Tanga tuna Chongoleani. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapo baharini. Mafuta ya Ziwa Albert, yaliyogunduliwa mwaka 2006, yana nta. Yakipoa yanaganda kama samli asubuhi ya Lushoto, kwa hiyo bomba lote limebuniwa lipashwe moto njia nzima ili yatiririke. Wapo miongoni mwetu waliopata kazi pale, na wapo waliopisha mashamba. Sitasimama hapa niseme bomba ni dhambi wakati ada ya watoto wa jumuiya hii imetoka huko. Naliuliza swali la Elisha tu: yakiuzwa, yatalipa deni gani, na la nani? Waheshimiwa wana majibu yao. Sisi tuliofaidi, kila mmoja, tuna letu la kujibu nyumbani: mshahara wa bomba umenunua nini kitakachokuwapo bomba likinyamaza?

Mwezi uliopita nilikuwa Dar. Mpwa wangu ana bajaji, ameifunga mfumo wa gesi, na anaisifu kama mke mpya. Hii ni gesi yetu wenyewe, Songosongo imekuwa ikiitoa tangu 2004, na gharama yake kwa siku ni ndogo sana ukilinganisha na petroli. Nikamwomba anipeleke stendi saa kumi na mbili asubuhi. Akacheka. "Mjomba, twende wote tangu usiku, maana lazima nijaze." Tulifika kituo cha gesi saa tisa usiku, tukakuta mstari wa bajaji na magari umezunguka ukuta. Madereva wamelala, miguu imetokea nje. Mmoja alikuwa ameenda kunywa kahawa, bajaji yake inamshikia nafasi, na waliokuwa nyuma walijua ni ya nani. Nikatafuta kwa macho tofali lenye chokaa.

Pale nikatambua kwamba bado ni mchana kwetu. Gesi nayo ina mwisho wake, lakini ipo. Treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, bwawa la Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Hivyo ni vyombo, na vinaazimwa sasa. Nimeongea na mzee wa kanisa kuhusu paa la kanisa na sola. Akasema tuanze na choo. Sawa, tuanze na choo. Lakini tuhesabu pia nani kati yetu ana jiko la pamoja linaloweza kupika msiba bila gesi, nani ana baiskeli, nani ana kisima ambacho hakingoji pampu. Mjane alijua nyumba ipi ina mtungi, tena akijua mlango gani haumfukuzi. Mimi katika mtaa wangu sijui hata nusu.

Ibada ya Alhamisi hii ni kwa mama yetu mjane wa nyuma ya soko. Umeme wake wa LUKU umekwisha tangu Jumapili na hakumwambia mtu. Nimeambiwa na mjukuu wake. Kwa hiyo tuanze saa kumi jioni, kungali kweupe. Kijana wa bodaboda amesema atamleta bibi wa mguu mbovu bila nauli, na nimemwahidi kwamba swali lake nitalijibu upya mbele yenu. Mwenye chochote asingoje Alhamisi. Namba ya mita ninayo mimi.