Hio si mti, Auntie

Alhamisi iliyopita msichana fulani alikuja dukani na flashi, anataka tishati ishirini nyeusi, mchoro mweupe kifuani, rangi moja tu. Nikaona hio ni kazi ya asubuhi moja. Nafungua faili nakutana na mizizi. Mizizi kabisa, kama mugumo umeng'olewa na tingatinga ukaachwa miguu juu, vinyuzi vinaenda huku vingine kule, hakuna mwanzo hakuna mwisho. Nikamuuliza, "Sasa jina la kikundi tunaliweka wapi, juu ama chini ya mti?" Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Auntie, hio si mti. Hio ndio jina."

Miaka kumi na minne nachapisha tishati hapa mjini, za harambee, za matanga, za kwaya, za wanasiasa (hao hulipa wakikumbuka), na sijawahi kuletewa jina ambalo halitaki kusomwa. Nikamwambia ukweli, vinyuzi vyembamba hivi wino utavijaza, ukitoa kwa skrini ya kuchapia utabaki na doa jeupe kama umemwagikiwa uji. Tukakaa chini tukavinenepesha kimoja kimoja kwa kompyuta, karibu saa nzima, na nikawa namuuliza maswali juu mtu mkikaa saa nzima hamwezi nyamaza. Ni bendi yao, wanapiga metali, ule muziki mkali wa gitaa na kelele. Nikasema mimi hata sijui hio kitu huanzia wapi. Akaniambia, "Anza na Duma. Wa hapa hapa Nairobi."

Duma nikajua ni yule mnyama wa mbio. Kumbe ni bendi, na jina wamelitoa kwa Kikuyu, giza. Na mimi ndio wa Nyeri jamani! Kwetu giza ni nduma, na karibu vile vile ndio unaita zile nduma za kuchemsha, kwa hivyo jioni hio narudi nyumbani na matatu nikiwa na picha ya mtu anapiga gitaa ndani ya sufuria.

Usiku msichana wangu akiwa na homuwaki mezani nikaweka hedifoni. Albamu yenyewe inaitwa tu Duma, nyimbo tisa, walikuwa wawili, Martin Khanja wa sauti na Sam Karugu wa gitaa na hizo mashine. Waliirekodi Kampala, ikatoka Agosti 2020 kwa lebo ya huko Uganda, Nyege Nyege Tapes. Agosti 2020 nakumbuka nilikuwa wapi, nilikuwa nakimbia kufika nyumbani kabla ya saa tatu ya kafyu na tishati za matanga ndio kazi pekee ilikuwa inaingia. Hii kitu ilikuwa inatoka wakati huo na hakuna aliyeniambia.

Dakika mbili nikatoa hedifoni. Nilidhani simu imeharibika, haki. Dramu hazipigwi na mtu, ni mashine, na zinaenda kasi mpaka zinaacha kuwa midundo zinakuwa kitu kimoja kirefu, kama posho mill ikiwa imeshika mwendo na bado hujamwaga mahindi. Wakati zinapungua unaskia kitu chini yake kinachotaka kuchezwa kabisa, mguu wangu ulianza peke yake chini ya meza, halafu kelele inarudi inafunika. Gitaa sikuliskia kama gitaa hata mara moja. Na juu ya hayo yote mwanaume anapiga nduru.

Hapo ndio nilikwama. Ukikaa ploti za Nairobi miaka, masikio yako yanajua nduru. Kuna ya mwizi, kuna ya moto, kuna ya mtu anapigwa na bwanake, kuna ile ya kupigiwa simu ya msiba, hio huanza chini. Na ukiiskia mwili unainuka kabla hujaamua, unashika kanga, unafungua dirisha, hata kama utalifunga tena (na siku hizi wengi tunalifunga). Sasa huyu anapiga nduru wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara mabega yangu yanapanda. Nimekaa kwa kiti changu lakini mwili wote uko mlangoni. Nilichoka kama nimefua blanketi.

Ijumaa sikuskia. Jumamosi tulikuwa na mazoezi ya kwaya, mimi ni alto, na mwalimu wetu akaanza ile hotuba yake ya kila wiki, pumzi itoke tumboni, koo ni mlango tu, mlango haufanyi kazi. Nikafikiria, huyu jamaa wa Duma koo lake liko wapi sai? Mimi baada ya kesha moja tu ya nyimbo za sifa nilikaa siku nne naongea kwa kuandika kwa karatasi. Nikaenda kutafuta, na kumbe kuna ufundi. Juu ya nyuzi za sauti zenyewe kuna mikunjo mingine, ndio wengi wao hutetemesha, na pumzi inasukumwa kutoka chini kwa mpango, wanajifunza polepole miaka kwa miaka, na asiyejua akijaribu kwa nguvu anaumia. Kwa hivyo si kichaa, ni mazoezi, sawa na sisi tu, pengine kutushinda, juu soprano wetu wawili hawajai fika kwa wakati tangu Pasaka.

Nikarudi na masikio ya alto. Usiku wa Jumapili tokeni za stima ziliisha na sikutaka kununua zingine saa hio, nikalala kwa giza na simu ina asilimia ishirini na kitu. Safari hii niliwacha kutafuta maneno. Mimi wimbo nisiposhika maneno hua naona nimeibiwa, lakini hapa sikushika hata moja na nikawacha. Nikafuata pumzi. Kuna mahali naskia kama anaivuta, kidogo tu, katikati ya vita yote hio, mtu anavuta hewa ndio aweze kuendelea. Nikarudisha. Nikarudisha tena, na simu inaisha.

Tulipomzika mama 2016 mimi ndio nilikuwa mkubwa. Watu wote walikuwa wananiambia jikaze, ukianza wewe hawa wadogo watafuata. Nikajikaza. Nilihesabu viti, nilihesabu sufuria za kukodisha, nilipigana na mtu wa tenti juu alileta mbili badala ya tatu. Tishati za mama nilichapisha mwenyewe, picha yake ya harusi ya ndugu yangu, na nikakosea mwaka wa kuzaliwa, nikarudia zote usiku. Nduru sikupiga. Sijui ilienda wapi, nilikuwa nimesahau hata kuiulizia.

Baadaye nimesoma Khanja alitoa albamu yake mwenyewe 2024 kwa jina la Lord Spikeheart, inaitwa The Adept, na ameitolea nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima. Muthoni wa Kirima yule yule wa Mau Mau! Mwanamke aliyefika cheo cha Fildi Masho, aliyekaa msituni, akatunza nywele zake za msitu hadi 2022 ndio akanyolewa na Mama Ngina, niliiona kwa TV nikiwa dukani na wateja wote wakanyamaza. Alifariki mwaka uliofuata. Sikujua hizo nywele na hizi nduru ni za nyumba moja. Hio albamu bado sijaiskia, naiogopa kidogo, naisubirishia siku.

Jana msichana alikuja kuchukua tishati zake. Zimetoka safi, vinyuzi vyote vinaonekana. Nikamwonyesha herufi moja nimeipata, pale kushoto, ni R. Akaniambia ni K.

Jioni nikiwa naosha vyombo nikafungua mfereji wote na nikajaribu. Kidogo, kutoka tumboni, koo nimeliacha wazi kama mwalimu anavyotaka. Ilitoka kama ng'ombe amekwama kwa lango. Nikaskia kiti kimesukumwa kule mezani, na miguu inakuja mbio.

"Mum? Uko sawa?"

"Niko sawa mama. Chai imenipitia vibaya."

Akaangalia vikombe vyote viko kwa maji, akaniangalia mimi, akachukua kitambaa akaanza kupanguza.