Mtawa na njegere zake

Leo baada ya misa, hapa Kampala, shangazi alinivuta pembeni kwenye kivuli cha mwembe. "Mwanangu, na hiyo maabara yako, bado unamwamini Mungu kweli?" Nikacheka. Rozari ilikuwa mfukoni, na kidoleni wino wa zamu ya jana bado haujatoka.

Nikamsimulia habari za Gregor Mendel, mtawa wa Kiaugustino aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri kule Brno, akahesabu mbegu za mviringo na zilizokunjamana, maelfu kwa maelfu, akachapisha mwaka 1866 matokeo yanayoonyesha jinsi sifa zinavyorithiwa kutoka kwa wazazi. Hesabu ile ile ndiyo ninayowaeleza wachumba: mkiwa wote wawili mmebeba selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Nikaongeza na Lemaître, padri aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Huyo, shangazi hakumjali.

Njegere ndizo zilimkaa. "Kumbe mtawa naye alikuwa mkulima!" Kisha, kwa sauti ya chini: "Mjukuu wangu anaoa Desemba. Utampima?"

Kesho anakuja na mchumba wake. Nimewasihi wawahi, foleni ya Jumatatu hufika getini.