Biddy Mason na Binti Zake Watatu

Mwaka 1848 Bridget Mason, ambaye wengi humwita Biddy, alitoka Mississippi kwa miguu akiwa na binti zake watatu: Ellen aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, Ann aliyekuwa mdogo kuliko yeye, na Harriet aliyekuwa bado mchanga. Mbele yao ulitangulia msafara wa magari ya kukokotwa uliokuwa ukielekea bonde la Salt Lake, katika Utah ya leo, na kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kuswaga mifugo iliyofuata nyuma ya magari hayo. Umri wake ulikuwa miaka 30 hivi, na kwa sheria za Marekani za wakati ule alihesabiwa kuwa mali ya Robert Smith, Mmormoni, yaani mfuasi wa dhehebu lililoanzishwa Marekani, aliyekuwa akihama pamoja na waumini wenzake.

Nimekuwa nikiyasoma maisha yake kwa muda sasa, na kila ninaposoma hujikuta nimekwama kwenye safari hii. Wanaoandika habari za walowezi wa magharibi huhesabu mito iliyovukwa, milima iliyopandwa na maksai waliokufa njiani. Mimi nafikiria mara ngapi mama huyu alilazimika kusimama ili kumnyonyesha Harriet huku ng'ombe wakizidi kutawanyika. Anayetembea nyuma ya mifugo hula vumbi la msafara mzima. Jioni msafara ulipotua, wengine walipumzika, naye alianza zamu nyingine ya kupika, na mwanamke alipopatwa na uchungu wa kuzaa aliitwa yeye, kwa kuwa alikuwa mkunga hodari. Njia ile yote ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 2,700. Kwangu mimi huyu ni mlowezi kamili, mwenye haki ya kutajwa pamoja na waliokuwa na hatimiliki na bunduki, ingawa hakuna aliyemuuliza kama alitaka kwenda.

Mwaka 1851 Smith alihamia San Bernardino, huko California, jimbo lililokuwa limeingia katika Muungano mwaka mmoja kabla kwa katiba iliyopiga marufuku utumwa. Hata hivyo, sheria isiyojulikana kwa yule inayemlinda haimwondoi utumwani, na kwa miaka kadhaa Biddy aliendelea kutumikishwa bila malipo katika ardhi ambayo kisheria haikuwa na watumwa. Nuru ilitoka kwa Weusi waliokuwa tayari huru. Elizabeth Flake Rowan, ambaye naye alikuwa amefika huko akiwa mtumwa, alikuwa miongoni mwa waliomweleza kwamba angeweza kudai uhuru wake. Los Angeles alikuwepo Robert Owens, mfanyabiashara Mweusi wa farasi na nyumbu, ambaye kijana wake Charles alikuwa amempenda Ellen.

Mwishoni mwa mwaka 1855 Smith aliamua kuhamia Texas, na maana ya safari hiyo ilikuwa wazi kwa kila mama. Texas utumwa ulikuwa halali, na mahali penye utumwa halali mtoto angeweza kuuzwa peke yake, mbali na mama na ndugu zake. Smith alipiga kambi kwenye korongo la milima ya Santa Monica akisubiri kuondoka. Familia ya Owens ilipeleka habari kwa wakuu wa usalama, kisha wakaenda kambini pamoja na wachunga ng'ombe wao, nao Biddy na wenzake wakawekwa chini ya ulinzi wa serikali hadi shauri lisikilizwe.

Hapo ndipo palipojitokeza kizuizi kingine. Sheria za California zilikataza Mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, hivyo watu waliokuwa wakigombania uhuru wao hawakuruhusiwa kusema lolote mbele ya baraza. Jaji Benjamin Hayes aliwaita faraghani na kuwahoji huko. Biddy alimweleza kwamba siku zote alikuwa akitenda alivyoamriwa, lakini safari ya Texas aliiogopa tangu siku aliyoisikia. Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi, kwa sababu naona uzito wake: mtu aliyefunzwa maisha yake yote kutii alipata nafasi moja tu ya kuongea, na akaitumia kusema anachokiogopa. Januari 1856 jaji alitamka kwamba wote 14 walikuwa huru, yaani Biddy na binti zake pamoja na mwanamke mwingine, Hannah, na watoto na mjukuu wake. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, ilitamka kwamba Weusi hawawezi kuwa raia wa nchi hiyo, na nikiziweka tarehe hizo pamoja naona jinsi mlango ule ulivyokuwa mwembamba.

Familia ilihamia Los Angeles, na Ellen akaolewa na Charles Owens. Ann alifariki mwaka 1857. Habari zake ni chache mno, nami nasikitika kwamba binti aliyetembea njia ile ndefu akiwa mtoto mdogo ameachiwa mstari mmoja tu.

Biddy aliajiriwa na daktari John Griffin akiwa muuguzi na mkunga kwa dola 2.50 kwa siku. Aliwazalisha matajiri na maskini, na wakati wa mlipuko wa ndui aliwauguza wagonjwa ambao wengine waliogopa kuwakaribia. Inasimuliwa kwamba katika mkoba wake mweusi alibeba vifaa vya ukunga pamoja na karatasi za jaji zilizothibitisha uhuru wake. Naamini simulizi hiyo, kwani karatasi hizo ndizo zilizosimama kati ya watoto wake na mtu yeyote ambaye angejaribu kuwadai tena.

Mwaka 1866 alinunua kiwanja kwenye Spring Street kwa dola 250. Kiasi hicho ni ujira wake wa siku 100, lakini kukidunduliza kulimchukua takriban miaka kumi, kwa maana watoto walipaswa kula na kodi ya nyumba ilipaswa kulipwa. Hakujua kusoma wala kuandika, na mahali pa saini aliweka alama ya X. Aliwasihi wanawe wasikiachie kiwanja kile, nami naelewa kwa nini. Mwanamke ambaye miaka kumi iliyopita yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali sasa alikuwa na ardhi, na juu ya ardhi hiyo binti zake na wajukuu wake wangeweza kulala bila kuogopa kuhamishwa usiku.

Nyumbani kwake mwaka 1872 ndiko kulikoanzishwa kanisa la First AME (African Methodist Episcopal, dhehebu la Wamethodisti Weusi), la kwanza la Weusi mjini humo. Alikuwa akiwapelekea wafungwa chakula, na mafuriko yalipowaacha watu bila makazi miaka ya 1880, alifungua hesabu dukani ili waathirika wachukue mahitaji yao kwa gharama yake, bila kubagua rangi. Mwaka 1884 aliuza sehemu ya ardhi kwa dola 1,500, kisha akajenga jengo la kupangisha kwenye sehemu iliyobaki.

Alifariki tarehe 15 Januari 1891, akazikwa katika makaburi ya Evergreen bila jiwe lenye jina lake, na hali ikabaki hivyo hadi mwaka 1988. Siku hizi wengi humtaja kwa utajiri wake, na ni kweli kwamba alikuwa tajiri, lakini nadhani masimulizi hayo hukosa kiini. Kila alichokifanya, kuanzia kuzungumza na jaji hadi kuweka alama ya X kwenye hati, alikifanya ili watoto wake wasitenganishwe naye. Alifanikiwa kwa namna inayoonekana: mjukuu wake Robert Curry Owens, mwana wa Ellen, alikuja kuwa mmoja wa Weusi matajiri zaidi mjini Los Angeles, na mali yake ilianzia kwenye kiwanja kile cha Spring Street ambacho bibi yake alikataza kisiachiwe.