Grafu ya presha ya mama ilivyokuwa ikirukaruka kwenye simu

Grafu ya presha ya mama kwenye simu ilikuwa haieleweki: asubuhi 128/80, jioni 159/94, kesho yake chini tena. Programu inapiga kengele ya hatari, naye roho juu. Daktari aliiangalia akasema hawezi kubadilisha dawa kwa namba za namna hiyo.

Nilianza na mkanda wa mkononi. Uliokuja na mashine umeandikwa sentimita 22–32. Nilipouzungushia mkono wa mama futi kamba, katikati ya bega na kiwiko, nikapata 35. Mkanda unaobana hupandisha namba, kwa hiyo tukatafuta wa 32–42. Namba zikashuka, miruko ikabaki.

Kumbe baba naye alikuwa akijipima kwa mashine ileile, na kila kipimo kinaingia kwa bluetooth kwenye akaunti ya mama! Mashine ina kitufe cha kuchagua mtumiaji 1 au 2, kidogo mno hata hakionekani. Baba akawa namba 2, vipimo vyake nikavifuta kwa mama.

Vikumbusho navyo vilikuwa havilii kwa sababu simu inaizima programu ili kuokoa betri. Nikairuhusu iendelee kufanya kazi. Sasa ikilia, asubuhi kabla ya dawa na jioni, mama anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, anapima mara mbili kwa kupisha dakika 1. Daktari anaangalia wastani tu, akiulinganisha na 135/85, kiwango cha kuanzia presha ya juu kinachotumika kwa vipimo vya nyumbani.