Kampala hadi Elegu: barabara inayotawaliwa na mito

Ukiitazama kwenye ramani, barabara ya Kampala–Gulu haina makuu. Inatoka mjini kupitia Kawempe na Matugga, inapanda kaskazini kama kilomita 340 mpaka Gulu, kisha inaongeza kilomita 100 na ushei kufika Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Hakuna milima kama ya Kabale wala majabali kama ya Moroto. Sehemu kubwa ni tambarare na lami ipo mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, lami haijawahi kuwa ndiyo inayoamua kama utafika. Wanaoamua ni mito mitatu: Kafu, Nile pale Karuma, na Unyama kule Elegu. Anayepanga safari au mzigo wa kaskazini aanzie hapo.

Njia ya leo siyo ya zamani. Enzi za wakoloni, mzigo mzito wa kaskazini ulisafiri kwa maji zaidi kuliko kwa barabara. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa 1912, iliutoa Jinja na kuufikisha Namasagali. Meli iliuchukua ikakata Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Kutoka hapo malori yaliupeleka Butiaba kupitia mji wa Masindi, na meli nyingine ikashuka nao Ziwa Albert hadi Nimule, mpakani na Sudan. Magari ya Gulu na Lira yalivuka Nile kwa kivuko cha Atura, juu kidogo ya Karuma, mahali mto ungali mpana na mtulivu.

Mvua za 1961 na 1962 zikaharibu mpango wote huo. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na maji hayo yakashuka Kyoga na Albert, yakazamisha gati na kusukuma visiwa vya mafunjo kwenye njia za meli. Huduma za meli zikafa. Daraja la Karuma lilikamilika 1963, reli ikafika Gulu na mwaka uliofuata ikafika Pakwach. Baadaye reli nayo ikadhoofika, na barabara ikabaki peke yake na mzigo wote mgongoni.

Kwa nini Karuma na siyo Atura? Kutoka Kyoga mto unakwenda polepole, kingo zake ni matope na mafunjo, na ukitaka kujenga daraja pale utachimba sana kabla ya kupata pa kusimamishia nguzo. Karuma ndipo mwamba unapoanza kujitokeza. Mto unabanwa, unaanza kuporomoka kwa kishindo, na hautulii tena mpaka ushuke chini ya maporomoko ya Murchison. Mhandisi anapenda mwamba na upenyo mwembamba. Dereva ndiye anayelipa gharama: barabara lazima ishuke bondeni kwa mteremko wenye kona, ikanyage daraja, kisha ipande upande wa pili.

Mteremko huo una kanuni moja ambayo wengi huikumbuka wakiwa wameshachelewa. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla gari halijainama. Trela la tani 50 likianza kukimbia ndipo dereva akatafuta gia ndogo, haitaingia, na atabaki akiegemea breki za miguu pekee. Breki zikipata moto, bitana zinapoteza mshiko, pedali inabonyea bila kazi, na mbele yako kuna matuta, kona na daraja. Tumia gia ndogo na breki ya injini, ukanyage breki kwa vipindi vifupi, uachie zipoe. Usizime injini kuokoa mafuta, maana kompresa inasimama na upepo wa breki unaisha. Nyani watakuwa wamekaa kando ya lami wakisubiri ndizi. Usiwarushie chochote, kwa sababu nyani aliyezoea kulishwa hukimbilia magari, na mwenye gari dogo humkwepa kwa kuingia upande wa trela linaloshuka. Kamera nayo iweke chini. Daraja linalindwa na wanajeshi, na hawana mzaha na anayepiga picha.

Wana sababu ya kulilinda. Mei 17, 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipigana na mabaki ya jeshi la Amin hapo hapo Karuma ili yavuke kuelekea kaskazini. Machi 1986, jeshi la NRA la Yoweri Museveni nalo likavukia hapo kabla ya kuingia Gulu. Miaka ya 1990, waasi wa LRA wa Joseph Kony walipokuwa wakivizia barabara ya Karuma–Pakwach, magari yalisubiri kusindikizwa na wanajeshi ndipo yaende Nebbi na Arua. Mwenye daraja ndiye mwenye ufunguo wa kaskazini, na kila aliyepigania Uganda amelijua hilo.

Mwaka 2024 ufunguo huo ulikwama bila risasi hata moja. Mei, malori na mabasi yalizuiwa kupita. Septemba 23 daraja likafungwa kwa magari yote ili sakafu yake ijengwe upya. Siku tatu baadaye, karibu na hapo, bwawa la umeme la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa rasmi. Nchi ilikuwa na mitambo mipya sita ya megawati 100 kila mmoja chini ya ardhi, na juu ya ardhi daraja la 1963 lisilopitisha hata basi. Magari mepesi yaliruhusiwa tena Desemba 23, siku mbili kabla ya Krismasi.

Sakafu ya daraja haichoki kwa siku moja. Kwanza huharibika maungio, zile nafasi zinazoachwa ili daraja litanuke kwa joto na kunywea kwa baridi. Ungio likivunjika, kila tairi linalopita linaangukia ukingo wa zege kwa kishindo badala ya kuteleza juu yake. Zege linamenyeka na maji ya mvua yanaingia ndani. Nondo zinapata kutu, na chuma chenye kutu hufura, kikasukuma zege kutoka ndani na kubandua vipande. Kuziba shimo kwa lami wakati huo ni kuficha kidonda. Lililobaki ni kuvunja na kumwaga zege upya.

Kinachoharakisha yote haya ni ekseli, na hapa wenye magari huwa hawapendi kusikia hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana, na 24 kwa tatu. Trela la kawaida la ekseli sita linafika 8 jumlisha 18 jumlisha 24, yaani tani 50. La ekseli saba ukomo wake ni 56. Ila madhara kwa barabara hayapandi sambamba na uzito. Wahandisi wanakadiria kwa kipeo cha nne: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umezidi kwa asilimia 20 lakini uharibifu umezidi maradufu. Tani mbili anazozichukua mwenye lori kama faida anayezilipia ni daraja.

Tena wengi wanaokamatwa kwenye mizani ya Luweero hawajazidisha uzito wa jumla. Wameupanga vibaya. Saruji ikirundikwa nyuma kabisa, ekseli tatu za trela zinazidi huku za kichwa, yaani gari linalovuta, zikiwa na nafasi. Kontena lenye mzigo mzito mlangoni hufanya hivyo hivyo, na huwezi kuusogeza kwa sababu lakiri haifunguliwi njiani. Upangaji ufanyike ghalani: vitu vizito vikae katikati, kati ya ekseli za kichwa na za trela, na vyepesi vijaze pande. Kama trela lina ekseli ya kuinuka, ishushwe kabla ya kuondoka, siyo ukiliona bango la mizani. Juu ya mizani yenyewe ingia taratibu, simama polepole, kisha achia breki, maana breki zikishikilia, spring zinabaki zimejikaza na ekseli moja inasomeka nzito kuliko ilivyo. Tangi la mafuta lililojaa nusu nalo husumbua, kwa sababu kioevu kinapwaya mbele na nyuma. Lipe muda litulie.

Aliye na mzigo wa Juba kutoka Mombasa ana njia nyingine, na mimi naiona bora. Akiingia Malaba, asije Kampala kabisa. Apande Tororo, Mbale, Soroti, Lira, atokee Kamdini. Kamdini iko ng'ambo ya Nile, kilomita chache kaskazini mwa Karuma, kwa hiyo daraja linabaki kando bila kuguswa. Njia hii ndiyo iliyobeba malori daraja lilipofungwa, hata yale yaliyotokea Kampala, ambayo yalilazimika kurudi mashariki hadi Iganga, Tirinyi na Mbale kwanza. Magari madogo yalikuwa na mbili zaidi: kivuko cha Masindi Port kwenda Apac, au kukata mbuga ya Murchison kupitia Masindi na daraja la Paraa hadi Pakwach. Anayekwenda Gulu kupitia mbugani hana haja ya kufika Pakwach. Aibukie Olwiyo, akunje kulia kuelekea Anaka. Ila mbugani mwendo ni kilomita 40 kwa saa na geti hufungwa jioni. Ukifika Masindi alasiri, lala Masindi.

Kusini mwa Karuma barabara ina mambo yake, japo si mazito hivyo. Bombo ni mji wa kambi ya jeshi na wa Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, walioletwa na afisa Mwingereza Lugard 1891. Ukiishiwa na Kiganda hapo, Kiswahili kitakutoa. Wobulenzi na Luweero ni mananasi kwa vipimo vya fungu, pamoja na makaburi ya pamoja ya vita vya msituni vya 1981 hadi 1986. Baada ya Kakooge unaingia nchi ya ng'ombe na magunia ya makaa. Migeera wanachoma nyama, na madereva wengi hupumzika hapo.

Kafu ndio mto wa kwanza, na watu huupita bila kuuona kwa kuwa hauna maporomoko, ni mafunjo tu yaliyotanda. Uliwahi kuwa mpaka mzito: Waingereza waliwapa Waganda ardhi ya Bunyoro iliyo kusini yake, na ugomvi huo ulifika hadi kura ya maoni ya 1964, ambapo Buyaga na Bugangaizi zilirudi Bunyoro. Kwa barabara, tatizo la kinamasi ni kwamba tuta limejengwa juu ya udongo unaobeba maji mwaka mzima. Makalavati yakizibwa na mafunjo, maji yanapanda upande mmoja, yanalainisha tuta, na lami inapata mawimbi kwenye njia za matairi kabla haijapasuka. Ukihisi usukani unavutwa kando karibu na kinamasi chochote, punguza mwendo. Hapo Kafu ndipo pia unapokunja kwenda Masindi.

Kutoka Kafu hadi Kigumba na Bweyale barabara imenyooka mno, na unyoofu huo unaua. Ajali mbaya za sehemu hii mara nyingi ni za uso kwa uso, usiku, mmoja akipita mwenzake, au gari kugonga lori bovu lililoachwa bila taa. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Matawi yaliyowekwa hatua tano nyuma ya lori hayamsaidii mtu. Pembetatu iwe angalau mita 50 nyuma, ya pili mbali zaidi, na trela liwe na vibandiko vinavyong'aa ambavyo havijafunikwa na tope. Na matawi yaondolewe ukishatengeneza, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya.

Kaskazini mwa Kamdini unapita Minakulu na Bobi, unaingia Gulu. Jaza mafuta Gulu. Mbele yake, kilomita 74 za Gulu–Atiak ziliwekwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia na 35 za Atiak hadi mpakani kwa mkopo wa Japani, baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005 na utulivu wa 2006 upande wa Acholi, yaani eneo la Gulu, kuifanya Juba kuwa soko. Kabla ya hapo, Pabbo ilikuwa kambi kubwa ya waliokimbia vita, na Atiak ilikuwa imeona mauaji ya Aprili 1995.

Elegu iko bondeni, Unyama ukimiminika kuelekea Nile. Mvua ikinyesha sana huko juu Acholi, mto unafurika mjini hata kama Elegu penyewe ni pakavu, kwa hiyo usitazame mawingu ya hapo. Ulizia Atiak kwanza. Egesha kwenye eneo lililoinuliwa kwa kifusi, usikubali nafasi ya bei nafuu kando ya mto, na mizigo isiyostahimili maji kama unga na sukari isishushwe chini kusubiri lori la pili.

Ukishavuka Nimule, kilomita 192 za Juba zina lami tangu 2012, lakini huko watu huendesha upande wa kulia. Gari la Uganda lina usukani kulia, hivyo dereva hukaa ukingoni mwa barabara na haoni mbele ya lori analotaka kulipita. Kazi ya kuchungulia inakuwa ya taniboi, msaidizi wa dereva aliye kushoto, na asiposema njia ni nyeupe, usipite.