Haki ambazo Katiba haikuzitaja, na namna ya kuzijengea hoja

Hoja nyingi za haki zisizotajwa huanguka mapema mahakamani kwa sababu mwombaji ameanza na haki anayoitaka, kisha akatafuta ibara ya kuiegemeza. Anza na ibara. Soma maneno yake na ujiulize yanahitaji nini ili yafanye kazi.

Mfano ulio bora kwangu ni Australia, ambayo Katiba yake haina hata sura ya haki. Vifungu vya 7 na 24 vinataka maseneta na wabunge wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, basi. Lakini mwaka 1992 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitengua sheria iliyopiga marufuku matangazo ya kisiasa redioni na kwenye televisheni wakati wa uchaguzi. Uchaguzi wa kweli hauwezekani pale wananchi wanapozibwa midomo na masikio kuhusu siasa, kwa hiyo uhuru wa mawasiliano ya kisiasa umo ndani ya vifungu hivyo. Hapa ndipo wengi hupotea: shauri la Lange la 1997 lilieleza kwamba uhuru huo unafunga mikono ya watunga sheria, haumpi mtu haki binafsi. Ukiutumia, omba sheria itenguliwe, usiombe fidia.

Kosa la pili ni kudhani kwamba haki ikishatambuliwa, kesi imekwisha. Ireland, katika shauri la Ryan la 1965, mahakama ilikubali kwamba haki zinazolindwa na Ibara ya 40 haziishii kwenye zilizoorodheshwa. Mama aliyefungua shauri alishindwa hata hivyo, kwani ushahidi haukuonyesha kwamba floridi, madini ya kukinga meno yanayotiwa kwenye maji ya kunywa, ingeidhuru familia yake. India nako, mwaka 1985, wakazi wa vibanda vya kando ya barabara Bombay waliishawishi Mahakama ya Juu kwamba haki ya kuishi katika Ibara ya 21 inabeba haki ya kupata riziki. Bado mahakama iliruhusu waondolewe, baada ya msimu wa mvua. Yaani kuna mizigo mitatu ya kubeba: haki ipo, imeguswa, na serikali haina sababu ya kutosha.

Kadiri haki inavyokuwa mbali na maandishi, ndivyo inavyong'oka kwa urahisi. Marekani ilitambua haki ya kutoa mimba mwaka 1973 kupitia haki ya faragha, na Mahakama ya Juu ikaifuta 2022 kwa kusema haina mizizi katika Katiba wala historia ya taifa. Marekebisho ya Tisa ya Katiba hiyo, yanayosema haki zilizotajwa zisitumiwe kukana nyingine, hayakuiokoa; mahakama hazijazoea kuyategemea peke yake.

Kwa wanaoandaa maombi Kenya: Ibara ya 19(3)(b) inasema Sura ya Haki haiondoi haki nyingine zinazotambuliwa na sheria, mradi hazikinzani na sura hiyo. Msiishie hapo. Tajeni sheria inayoitambua haki hiyo, kisha muegemee Ibara ya 20(3), inayoiagiza mahakama ichague tafsiri inayoipa haki nguvu zaidi. Na tangu shauri la Anarita Karimi Njeru la 1979, maombi yanapaswa kutaja kwa usahihi ibara iliyovunjwa na namna ilivyovunjwa.